Sauti Nazo Zihesabiwe

Leo tunazungumzia shingo. Katika mkoa wetu wa Katavi wapo watu wanaoishi na goita, lile rovu linaloanza dogo kama halipo, likakaa miaka, likakua mpaka kanga haiwezi tena kulificha. Baadhi yao walishaambiwa hospitalini kwamba limefika mahali pa kuondolewa kwa upasuaji. Wakarudi nyumbani, wakanyamaza. Ukiwauliza kwa nini, watakutajia nauli, watakutajia mashamba ya mpunga, halafu mwisho wa yote litatoka lile lililo moyoni: "Nasikia ukipasuliwa shingo, sauti inakwenda."

Nianze kwa kusema ukweli. Hofu hiyo ina msingi wake. Nyuma ya tezi inayovimba na kuwa goita unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na ukiguswa vibaya sauti inaathirika. Mwaka 2009 ilichapishwa tathmini iliyokusanya taarifa za upasuaji huu kutoka nchi mbalimbali. Ilionyesha kuwa, kwa wastani, katika kila upasuaji 100, karibu 10 uliacha mshipa huo umedhoofika kwa muda, na karibu 2 uliuacha umedhoofika moja kwa moja. Sasa geuza hesabu hiyo uitazame upande wa pili: watu kama 98 katika 100 hawakubaki na kilema cha kudumu cha mshipa huo. Na mikononi mwa madaktari waliozoea kazi hii, matokeo huwa bora kuliko wastani.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kuna hatari. Ipo. Swali ni nini kinachoipunguza. Jibu langu, msikilizaji, ni fupi: mshipa huu huokolewa kwa kuonekana. Sauti iangaliwe kabla ya upasuaji, mshipa utafutwe na uonekane wakati wa upasuaji, na sauti iangaliwe tena baadaye. Sisi tukisikia "usalama wa upasuaji" tunaifikiria ile saa ya katikati tu, daktari na kisu chake. Mimi nadhani hapa Katavi kazi kubwa iliyobaki iko kabla ya saa hiyo na baada yake.

Tuuangalie kwanza mshipa wenyewe, maana ni mshipa wa ajabu. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Ina sehemu mbili, ya kulia na ya kushoto, na kiungo chembamba kinachozishikanisha mbele ya bomba la hewa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Nyuma yake, katika mfereji mdogo kati ya bomba la hewa na njia ya chakula, upande wa kulia na upande wa kushoto, ndipo ilipo mishipa miwili ya fahamu inayozifungua na kuzifunga nyuzi za sauti. Unene wake ni kama milimita mbili, na kwa wengine ni pungufu ya hapo.

Ajabu iko kwenye njia yake. Amri ya kusema inatoka kwenye ubongo, na kongomeo liko hapo chini tu. Ungedhani mshipa ungekata moja kwa moja. Haufanyi hivyo. Unateremka shingoni, wa kushoto unaingia kifuani na kuzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, halafu unapanda tena shingoni mpaka kwenye koo. Ni sawa na mtu wa Mpanda anayetaka kwenda Karema, akapanda treni hadi Tabora, kisha akageuza. Sababu ni kwamba mtoto anapoumbwa tumboni, moyo huanzia karibu na shingo kisha hushuka kifuani, na katika kushuka mishipa mikubwa ya damu huuvuta mshipa huu chini pamoja nayo. Wanyama wengine wanyonyeshao nao wako hivyo hivyo. Twiga unayemwona akivuka barabara pale Hifadhi ya Katavi ana mshipa huo huo, unaoshuka shingo yote mpaka kifuani na kuipanda tena yote, safari ya zaidi ya mita nne, ili tu ufike kwenye koo lake.

Kwa binadamu, mzunguko huo una maana moja kubwa: mshipa unaifikia tezi ukitokea chini, ukipita nyuma yake, ukikingama na mishipa ya damu inayoilisha tezi. Watu hawafanani. Kwa mmoja mshipa unapita nyuma ya mshipa wa damu, kwa mwingine mbele yake, kwa mwingine umegawanyika matawi kabla ya kuingia kooni. Na kwa watu wachache sana, chini ya mmoja katika 100, wa upande wa kulia hauzunguki hata kidogo, unakata moja kwa moja kutoka ubavuni mwa shingo. Tena goita ikiwa kubwa, inausukuma mshipa kutoka mahali pake. Ndiyo maana daktari hawezi kusema, "Najua ulipo, naukwepa tu." Lazima autafute.

Somo hilo halikupatikana kwa siku moja. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma miaka zaidi ya 1,800 iliyopita, aliwaonyesha watu hadharani nguruwe anayepiga kelele, akaukata mshipa huu pande zote mbili, na kelele zikakoma. Aliandika pia habari za watoto waliotolewa uvimbe shingoni na wapasuaji wasiojua mishipa, wakabaki bila sauti. Kwa hiyo jambo lilijulikana. Lakini kwa karne nyingi upasuaji wa goita uliogopwa kwa sababu nyingine: mgonjwa alikufa kwa kutokwa damu au kwa usaha kabla hata ya kuulizwa habari za sauti yake.

Aliyebadilisha mambo ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambako goita ilikuwa imejaa kwa sababu ile ile iliyoileta kwetu, ukosefu wa madini joto kwenye udongo na chakula. Kocher alipasua goita maelfu. Alikuwa mtu wa polepole na usafi, aliyefunga kila mshipa mdogo wa damu kabla ya kuendelea. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 10 katika kila 100 mwanzoni mwa kazi yake vikashuka hadi chini ya kimoja katika 100, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa madaktari wa upasuaji.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundisho yaliyotawala yalikuwa kukaa mbali na mshipa: usiuguse, usiutazame, acha kipande cha tezi nyuma kiufunike. Mwaka 1938 daktari wa upasuaji Frank Lahey wa Boston, Marekani, akaandika kinyume chake. Alisema mshipa utafutwe na uonyeshwe katika kila upasuaji, kabla ya chochote kukatwa karibu nao. Katika upasuaji wa maelfu uliofanyika chini yake, majeraha ya mshipa yakashuka kutoka zaidi ya 1 katika kila 100 hadi chini ya nusu ya hapo. Tangu wakati huo hiyo ndiyo kanuni: mshipa usioonekana ndio unaokatwa.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, msikilizaji, uone kazi inavyokwenda. Mgonjwa amelala usingizi wa dawa, bomba la kupumulia liko kooni, mto umewekwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Daktari anakata chini ya shingo kwa kufuata mkunjo wa ngozi, ili kovu lijifiche. Anaachanisha misuli katikati bila kuikata. Anaanza juu ya tezi, anafunga mishipa ya damu mmoja mmoja, akiwa ameigandamia tezi yenyewe, kwa sababu hapo juu kuna mshipa mwingine mdogo wa fahamu unaokaza uzi wa sauti. Huo ukiumia, mtu anaongea vizuri tu, lakini sauti ya juu haipandi na akiita kwa mbali anachoka. Mwimbaji wa kwaya ataligundua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kisha daktari anaigeuza tezi taratibu kuelekea katikati, na kwenye ule mfereji wa ubavuni mwa bomba la hewa anaanza kutafuta. Haendi kwa kisu. Anaachanisha nyama laini kwa ncha ya kibano, sambamba na mshipa, mpaka autazame: mweupe, unang'aa kidogo, una vimishipa vyekundu vyembamba mgongoni. Akishauona, anaufuata mpaka unapoingia kooni. Hapo mwishoni, sentimita mbili za mwisho, ndipo penye hatari kuliko kote, kwa sababu tezi imeshikwa kwenye bomba la hewa kwa kano ngumu na mshipa umebanwa pale pale. Na ndipo panapopenda kuchuruzika damu. Mwenye pupa atabana kwa kibano bila kuona anachobana, au atagusa kwa kifaa cha umeme kinachounguza, na joto litaupata mshipa hata kama hakuugusa. Mwenye utulivu ataweka gozi, atagandamiza, atasubiri dakika zake, kisha atafungua na kuona kinachovuja.

Watu wengi wanadhani mshipa huumia kwa kukatwa. Mara nyingi zaidi huumia kwa kuvutwa. Goita kubwa inavutwa ili itoke, mshipa nao unavutika ungali mzima, na mgonjwa anaamka na sauti ya upepo. Habari njema ni kwamba mshipa uliovutwa kwa kawaida hupona wenyewe, kwa wiki au miezi kadhaa, pengine hadi mwaka.

Utasikia pia kwamba katika hospitali kubwa kuna mashine inayouchunguza mshipa wakati wa upasuaji. Ipo. Bomba la kupumulia linawekwa vinasa umeme, daktari akiugusa mshipa kwa kijiti chenye umeme mdogo, mashine inalia. Inasaidia hasa kwa anayepasuliwa mara ya pili, ambaye shingo yake imejaa makovu. Lakini tathmini ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2019, iliyopima mashine hiyo dhidi ya macho ya daktari peke yake, haikupata ushahidi wa uhakika kwamba mashine inashinda. Nalisema hili ili mgonjwa wa wilaya ya Mlele au Tanganyika asiambiwe kwamba bila mashine hakuna usalama. Macho yanayoutafuta mshipa na mikono isiyo na haraka bado ndiyo msingi.

Mikono hiyo lakini inahitaji mazoezi. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliona kwamba madaktari waliofanya upasuaji wa kuondoa tezi hii zaidi ya 25 kwa mwaka walikuwa na madhara machache kuliko waliofanya pungufu. Hapo sisi wa Katavi tunapaswa kutafakari. Mkoa huu una historia ya heshima ya daktari mmoja anayefanya kila kitu. Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889 na akawatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika enzi zake hapakuwa na mwingine wa kumpelekea mgonjwa. Leo yupo. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Mpanda, kuna hospitali za kanda Mbeya na Bugando kule Mwanza, kuna Muhimbili. Daktari wa wilaya akikuambia goita yako imeingia nyuma ya mfupa wa kifua, au ni ya kupasuliwa mara ya pili, na anakuandikia rufaa, usimwone hajui kazi. Amepima uzito wa kazi na amekutakia mema.

Tugeukie sasa upande wa kabla, ambako nimesema kuna pengo. Nao unaanzia mbali sana na hospitali, unaanzia dukani.

Goita nyingi za kwetu zina mzizi katika madini joto. Miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba kiasi cha robo ya Watanzania walikuwa na goita, na nyanda za kusini na magharibi, ukiwemo mkoa wa Rukwa ambao wakati huo ulibeba Mpanda, zilikuwa katika maeneo yaliyoathirika. Vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye tatizo kubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ikaanza kuweka madini hayo kwenye chumvi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, uliofanywa kwa watoto wa shule zaidi ya 140,000, ulikuta goita imeshuka hadi karibu asilimia 7. Ni ushindi mkubwa, uliopatikana kwa chumvi.

Ila ushindi huo unadumu tu kama chumvi inayoingia chunguni ndiyo hiyo. Chumvi ya chemchemi, kama ile iliyochemshwa Uvinza tangu enzi za babu zetu, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Ukiinunua iliyorundikwa kwenye turubai sokoni, ikipimwa kwa kisoda au kopo, huna namna ya kujua kwa macho wala kwa ulimi. Afisa lishe anajua kwa kichupa chake: anadondosha tone, na chumvi yenye madini joto inageuka rangi ya bluu inayoelekea zambarau, isiyo nayo inabaki nyeupe vile vile. Kwa hiyo nunua ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Nikuonye jambo moja: ukiwa tayari na goita ya siku nyingi yenye vinundu, usianze kunywa dawa za madini joto kwa kujiandikia mwenyewe. Goita hiyo haitayeyuka, na dawa hizo zinaweza kuishtua tezi ikafanya kazi kupita kiasi.

Chumvi inahusianaje na mshipa wa sauti? Inahusiana moja kwa moja. Goita isiyoota haipasuliwi. Na iliyoota ikawahiwa ingali ndogo, pengine haihitaji kisu kabisa, inahitaji kuangaliwa tu. Kisu kina sababu zake: uvimbe unaobana pumzi au chakula, unaoshukiwa kuwa saratani, au tezi inayofanya kazi kupita kiasi na dawa hazikuituliza. Ikibidi kupasua, goita ndogo ya upande mmoja inagusa mshipa mmoja, wa pili unabaki bila kuguswa. Goita ya miaka 20 iliyojaa pande zote mbili inaiweka mishipa yote miwili hatarini kwa siku moja. Madaktari wa Bugando, walipochapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa wao wa goita, walieleza picha ambayo kila hospitali ya ukanda huu inaifahamu: wengi ni wanawake, na uvimbe umeshakaa sana. Anayechelewa kwa kuogopa kupoteza sauti anaizidisha ile ile hatari anayoikimbia.

Hatua ya pili ya kabla ni kuangalia sauti yenyewe. Mwalimu wa uimbaji, Manuel García, akiishi London, mwaka 1854 alitumia kioo kidogo chenye mpini na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kujifunga. Kioo cha aina hiyo bado kinatumika, na ni kifaa rahisi mno ukilinganisha na vifaa vingine vya hospitali. Umuhimu wake ni huu: baadhi ya watu wana uzi mmoja wa sauti uliolala tayari, kwa sababu ya uvimbe au upasuaji wa zamani, na bado wanaongea kawaida maana uzi wa pili umebeba kazi. Daktari asipojua, akaugusa vibaya mshipa wa upande ule mzima, nyuzi zote mbili zinakaribiana katikati na kuziba njia ya hewa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuhitaji kutobolewa tundu shingoni ili apumue. Daktari akijua mapema, anapanga kazi yake vingine.

Tuseme mama amefika hospitalini kutoka Karema, aangaliwe sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, vuta pumzi, halafu sema 'aaa' kwa pumzi moja mpaka iishe. Nakuhesabia."

Anasema "aaa". Muuguzi anatazama saa. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufika sekunde 15 au zaidi, na ikikatika chini ya 10 panahitaji kuchunguzwa. Kisha muuguzi anachukua simu, anarekodi.

"Sasa mama taja jina lako, hesabu moja hadi kumi, na utuimbie kidogo kitu chochote."

"Na kuimba tena?"

"Na kuimba, mama. Tuje kulinganisha."

Dakika tatu hazijaisha, na hospitali ina ushahidi wa sauti ilivyokuwa kabla. Kama sauti ilikuwa na mikwaruzo tayari, daktari atajiuliza kama kuna saratani. Kama ilikuwa safi, kila mtu anajua cha kulinda.

Tumalizie na upande wa baada. Mgonjwa akiamka sauti ikikwaruza siku mbili tatu, asishtuke mno, kwa sababu bomba la kupumulia nalo hukwaruza koo. Lakini kuna mambo matatu yasiyosubiri: shingo inayovimba kwa kasi, hasa katika saa 24 za mwanzo, pumzi inayoingia kwa mlio mkali, na ganzi ya midomo na vidole pamoja na misuli kukakamaa, dalili kwamba tezi ndogo nne zinazotunza kalsiamu zimeguswa. Hayo ni ya kumwita daktari hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Sauti ikibaki ya upepo baada ya wiki mbili, au maji yakikupalia kila unapokunywa, rudi. Wakati unasubiri, inamisha kidevu kuelekea kifuani kila unapomeza, maji hayatakwenda njia ya hewa kirahisi. Usikae mwaka ukisema "nimezoea". Wataalamu wa masikio, pua na koo wana mazoezi ya sauti, na wana njia za kuusogeza uzi uliolala ili ukutane na mwenzake. Kwa mwalimu wa Mishamo mwenye darasa lililofurika, kwa mama anayeita wateja wa dagaa ufukweni, sauti ni kazi na ni mkate.

Na hapa nina neno kwa wenye mamlaka. Tangu mwaka 2024 serikali imekuwa ikiwatuma madaktari bingwa mpaka hospitali za halmashauri, wale wananchi wanaowaita Madaktari Bingwa wa Mama Samia. Ni jambo la kushukuru, limemfupishia safari mtu ambaye asingefika Mbeya wala Mwanza. Lakini kambi ya matibabu ya aina yoyote hukaa siku chache na kuondoka. Siku ya kufunga tunatangaziwa wangapi wameonwa na wangapi wamepasuliwa. Sauti ngapi zilikuwa salama baada ya wiki mbili, na ngapi baada ya miezi sita, hilo halimo katika tangazo. Daktari aliyepasua ameshafika mkoa mwingine, na mama mwenye sauti ya upepo yuko Mpimbwe akidhani ndivyo inavyokuwa.

Dawa yake haihitaji bajeti mpya. Inahitaji daftari. Kila anayepasuliwa goita Katavi aandikwe: sauti yake kabla, mshipa umeonekana upande gani, sauti yake baada ya wiki mbili, sauti yake baada ya miezi sita. Daktari wa hapa asimame na bingwa mezani kuanzia mwanzo hadi mwisho, ajifunze kuutafuta mshipa, na abaki na daftari hilo. Aliye mbali apigiwe simu, na simu yenyewe itamsikia anavyoongea. Mwaka ukiisha, tujue.

Nawe mgonjwa, nenda na maswali yako, yaandike kama unaogopa kuyasahau. Je, ni lazima kupasua, au naweza kuangaliwa? Mtatoa upande mmoja au yote? Mkitoa yote nitahitaji kidonge cha homoni kila siku maisha yangu yote, nitakipata wapi huku kwetu? Nyuzi zangu za sauti mtaziangalia kabla? Daktari ameshafanya kazi hii mara nyingi? Mshipa anautafuta mpaka auone? Baada ya hapo nani ataniangalia, na lini? Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo, maana mengi kati ya hayo amejiuliza mwenyewe kabla hajanawa mikono. Ukijibiwa ukaridhika, panga siku, mwambie na shangazi au dada akusindikize, na uende goita ikiwa bado ndogo.